Breka Isiyokata

Waya wa umeme uliingia nyumbani kwetu Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kupitia ukuta wa chumba cha mama. Ulipanda kando ya mto wake wa kulalia, ukapita juu ya kitanda, kisha ukaelekea sebuleni. Hapakuwa na njia nyingine, kwa sababu nguzo ilisimikwa upande huo na nyumba ilikuwa imeshajengwa. Dari yetu ilikuwa shitingi, ile plastiki nzito tuliyogawiwa tulipofika kambini mwishoni mwa miaka ya tisini, ambayo familia nyingi ziliibakiza chini ya mabati ili kuzuia vumbi na baridi. Plastiki ikishika moto haiungui ikabaki juu. Hudondoka huku inawaka, na iliyokuwa juu ya kitanda cha mama ingemdondokea mama.

Hayo ni mambo mepesi kueleza. Nimeyaeleza mara nyingi.

Mimi si fundi mwenye cheti. Umeme nilijifunza kwa redio zilizoharibika, kwa paneli za jua za majirani, na kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada nilichokisoma kila sura mpaka nikaielewa ndipo nikaenda inayofuata. Nguzo zilipoanza kukaribia kwetu nilikuwa nimeshapitisha waya mwenyewe ndani ya nyumba yote. Ulikuwa waya mwembamba lakini wa shaba halisi, unaotosha taa, redio na pasi za mke wangu. Yeye ndiye aliyeungoja umeme kuliko sisi wote. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi suti na mashati ya watu wa kanisa, na pasi ya mkaa haina huruma: cheche moja ikiruka kwenye shati jeupe la kwaya, kazi ya wiki nzima imekwenda. Umeme haujafika bado, tayari alikuwa na pasi mbili za umeme chini ya kitanda, ndani ya maboksi yake.

Kilichobaki kilikuwa sanduku la breka. Sisi Wakongo tunaliita kofre. Ni lile sanduku la ukutani ambamo umeme unagawanywa, na kila njia inapewa breka yake ya kuukata mambo yakizidi. Katika kitabu changu sentensi moja ilikuwa imepigiwa mstari na msomaji aliyenitangulia, nami nikaona alikuwa na akili: breka hailindi chombo, inalinda waya. Waya mwembamba hupewa breka ndogo, ili kabla waya haujapata joto la kuyeyusha ngozi yake, breka iwe imeshakata. Ukiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba, breka itangoja na waya ndio utakaoungua.

Nilikwenda mjini Mbarara kulitafuta. Nilibeba mfuko wa mchele, na ndani yake pasi mbili za mke wangu, jiko la umeme la sahani moja nililoazima kwa jirani aliyekuwa akingoja umeme kama sisi, na kipande cha waya. Nia yangu ilikuwa kujaribu breka dukani kabla ya kununua. Unaichukua breka ndogo, unaibebesha pasi na jiko kwa pamoja, mzigo unaoipita karibu mara mbili, kisha unangoja. Breka nzuri itakata. Mbaya haitafanya lolote. Sikuona kwa nini mtu aone ajabu.

Duka la kwanza lilikuwa la kijana mwenye sanduku zuri lenye kifuniko kama kioo. Nilitoa breka moja, nikalowesha kidole gumba kwa mate na kusugua namba iliyoandikwa usoni. Namba ilihamia kidoleni.

"Ssebo! Umeharibu mali!" akapiga kelele, akiniita bwana kwa lugha ya huko. "Sasa mteja atajua aje hii iko ya ngapi?"

"Wewe ulijuaje?"

"Ilikuwa imeandikwa!"

Duka la pili mwenyewe alikataa kabisa habari ya pasi. "Nauza hii kitu miaka mingi. Hakuna mtu hata mmoja amerudisha." Niliwaza kwamba huenda wenye nyumba zilizoungua hawapati nafasi ya kurudisha, lakini sikusema. La tatu, mzee mwenye miwani alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akatoa breka isiyo na jina lolote, akafungua droo iliyojaa vibandiko na kuniuliza, "Unataka iwe ya Ulaya ama ya Dubai?" Hakuwa akitania. Nilimwambia nataka iwe ya kukata umeme. Akafunga droo. "Hiyo hakuna mtu anaitishanga," akasema. "Watu wanataka ile haisumbui."

Nilitembea na mfuko wangu hadi jua likawa la utosini. Kijana wa kupakia saruji aliniita, "Dobi! Unapiga shati ngapi?" Mwenye duka mmoja alitaka kujua mkimbizi anatafuta nini kwenye breka, kwani anaogopa umeme utarudi Kongo bila yeye? Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo ili nipite. Kilichoniuma si kucheka kwao. Kilichoniuma ni kwamba katika maduka yote yale hakuna aliyeniuliza waya wangu ni wa unene gani, na bila kujua hilo hakuna anayeweza kukuuzia breka kwa haki.

Duka la mwisho lilikuwa nyuma ya stendi, la mama mmoja Mnyankore aliyekuwa anakula ndizi na maharage juu ya kaunta. Alitazama mfuko wangu nikizitoa pasi.

"Ssebo, unataka kupiga breka pasi?"

"Nataka kujua kama inakata, nyabo," nikamjibu kwa heshima ile ile.

"Na kama haikati?"

"Nitaiacha hapa kwako."

Alitafuna kwanza, akafikiri. "Na hii duka ikiungua?"

"Breka yako ikiwa nzuri haitaungua."

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Basi fanya. Lakini simama hapo karibu, tuungue pamoja."

Nilitoa katika sanduku moja la chuma alilokuwa akiuza breka ndogo kuliko zote, nikaifunga kwenye kipande changu cha waya, nikawasha pasi zote na jiko. Sahani ya jiko ikaanza kuwa nyekundu. Yule mama alirudia chakula chake, jicho moja kwangu. Hajamaliza sahani, breka ikapiga *tak* na wekundu ukaanza kufifia. Niliiacha ipoe, nikairudisha juu, ikakata tena. Nikabonyeza kitufe cha majaribio cha swichi kubwa ya sanduku hilo, ile inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini au mwilini mwa mtu, nayo ikaanguka palepale. Niliangalia skrubu, unene wa shaba, uzito mkononi. Nikaona nimepata.

"Hata mimi sikujua iko hivyo," mama akasema, akiigeuza breka mkononi kama mtu aliyekuta pesa katika koti la zamani. "Nilikuwa nauza tu."

Nilinunua sanduku lote, nikalifunga kwa shati langu ndani ya mfuko, nikarudi Nakivale nikiwa na furaha. Naitaja furaha hiyo kwa sababu haikufika nyumbani.

Kabla sijaingia uani nilisikia nyimbo. Sebule ilijaa watu wa chumba cha maombi, kundi la majirani wanaosali pamoja kila wiki. Mchungaji alikuwa amesimama mbele ya ukuta wetu na chupa ndogo ya mafuta mkononi. Ukutani lilikuwa limepigiliwa sanduku la breka, la plastiki nyeupe, lenye kifuniko cha rangi ya samawati. Mchungaji alikuwa amelipaka mafuta juu, pembeni, na kila kiwashio kimoja kimoja, kama anayepaka vidole vya mgonjwa.

Pembeni yake alikuwa mjomba, mdogo wake mama, aliyetoka Rubondo, upande mwingine wa kambi, asubuhi na baiskeli. Mama alikuwa amemwambia siku zilizopita kwamba nahangaika kutafuta sanduku, naye hakutaka nihangaike. Alikuwa amelifuata lake Kikagate, mpakani, na siku hiyo akaja na fundi wake, wakaliweka nikiwa ningali Mbarara.

"Mwipwa wangu!" akanikumbatia mbele ya watu. "Umechelewa baraka, lakini umeme haujachelewa. Angalia!"

Nikaangalia. Kila breka katika sanduku lile ilikuwa ya ampea sitini na tatu, namba inayosema umeme mwingi kiasi gani upite kabla breka haijakata.

"Zote sitini na tatu, Mjomba?"

"Zote!" Uso wake uling'aa. "Walikuwa na ya kumi, walikuwa na ya kumi na sita. Nikasema hapana, hizo ni za batu maskini. Kwa dada yangu nipe ile kubwa. Hii haikati hata siku moja!"

Watu wakasema amina.

Anayetujua ataelewa nilikuwa wapi. Kwetu mjomba ni mtu ambaye mkono wake haurudishwi. Baba yako unaweza kugombana naye mkapatana; mjomba akiondoka amekunja uso, watoto wako wakiugua miaka kumi baadaye watu watakukumbusha. Na huyu si mjomba wa jina tu. Tulipokimbia ndiye aliyembeba mama mgongoni pale miguu yake ilipokataa. Zaidi ya hapo, kitu kikishaombewa ndani ya nyumba hakiondolewi ukutani. Ukikiondoa umesema kitu juu ya mchungaji, juu ya mafuta, juu ya wote waliosema amina.

Wageni walipoondoka nilijaribu. Nilikaa na mjomba na mama, nikachukua kipande cha waya na kuwaeleza kwamba sitini na tatu si nguvu ya breka, ni subira yake. Kwamba ingeruhusu umeme mwingi kiasi hicho upite katika waya usioweza kubeba hata nusu yake. Kwamba waya huo unapita kwenye mto wa mama.

"Weye unasoma mingi," mjomba akasema kwa upole. "Sasa nikuulize. Mulinzi mwenye nguvu na mulinzi zaifu, nani atakulinda?"

"Huyu mlinzi kazi yake ni kupiga kelele, Mjomba. Mwenye nguvu hapigi kelele mpaka nyumba iishe."

"Mulinzi wa kupiga kelele ni mbwa."

Mama akacheka. Kisha akasema lake, na alipolisema hakuwa anacheka. "Kitu kimetoka ku ndugu yangu, hakitatoka mu nyumba yangu."

"Waya uko kitandani kwako, mama."

"Basi nunua waya mukubwa."

Waya ulikuwa umeshafukiwa ndani ya kuta zilizosilibwa. Nilimwambia hivyo. Akasema kuta ni udongo, udongo si haba hapa.

Sanduku langu lilikaa ndani ya mfuko wa mchele. Mke wangu alilifungua, akazirudisha pasi zake katika maboksi, akalitazama lile la chuma. "Papa," akaniambia, "hii yako na ile yake, kwa macho yangu tofauti ni rangi tu. Lakini wewe ndiye unayejua. Tafuta njia ambayo mama hatalia." Hakuna ushauri ulionisaidia zaidi, na hakuna ulioniudhi zaidi, kwa sababu nilitaka mtu mmoja tu aseme nina haki.

Nikaamua kuwaonyesha. Mjomba alikuwa ameleta breka moja ya akiba, ambayo haikuombewa. Nilimwomba tuijaribu, akakubali kwa furaha. Base Camp, makao makuu ya kambi, umeme ulikuwa umeshafika, na palikuwa na mchomeleaji wa milango ya chuma niliyefahamiana naye. Mashine yake hula umeme kuliko chochote kambini. Nilipitisha umeme wa mashine ile katika breka ya mjomba na katika kipande cha waya wangu, ule ule wa nyumbani, nikautandika waya juu ya tofali mahali mjomba angeuona vizuri.

Mchomeleaji akaanza kazi. Waya ukalegea. Ngozi yake ikaanza kung'aa, kisha kutoa moshi mweupe, kisha ikawa inachuruzika juu ya tofali. Breka ilikaa juu, imetulia kama mtu aliyeshiba. Nilikuwa nakaribia kuona haya kwa jinsi jambo lilivyojieleza lenyewe.

Mjomba alipiga makofi. "Umeona? Haijakata! Waya imeungua, mashine inalia, yenyewe imesimama tu!" Akawageukia waliokuwa wamekusanyika. "Niliwaambia! Hii si ya Mbarara!"

"Bei gani, mzee?" mmoja akauliza. "Na mimi nitafutie."

Mchomeleaji alizima mashine, akanitazama juu ya miwani yake myeusi, akatikisa kichwa. Nilichukua tofali lile lenye plastiki iliyoganda juu yake na sikujua nilipeleke wapi.

Njia iliyobaki ilikuwa kutotoa kitu. Nilimwambia mama kwamba sanduku la mjomba litakaa palepale lilipo, na kwamba ninaomba tu kuongeza dogo nje, mahali umeme unapoingia. Alifikiri. "Kuongeza si kutoa," akakubali. Mjomba mwenyewe aliona ni utani mzuri: "Weka mbwa yako pale nje, na mwenye nyumba akae ndani!" Hivyo niliweka sanduku langu la chuma chini ya upenu, umeme ukaingia kwanza kwangu, ukapitia breka zangu ndogo, ndipo ukaingia kwa mjomba na kugawanyika chumbani na sebuleni. Kwa hesabu ni sawasawa kabisa. Breka ndogo ikitangulia, kubwa inayofuata ni pambo. Kijana wa kampuni ya umeme aliyekuja kutuunganisha aliyatazama masanduku mawili, akaniuliza, "Mzee, umeme si utachoka njiani?" Akawasha akaenda.

Sasa ikaanza taabu nyingine. Sanduku langu lilikata. Lilikata mvua ilipoingia katika taa ya nje. Lilikata jirani alipokuja kuchomeka redio yenye waya uliotafunwa na panya. Kila mara lilikuwa na sababu, na kila mara niliitafuta mpaka nikaipata, lakini hakuna aliyetaka sababu. Wote walikwenda kwanza kwenye sanduku la sebuleni, wakaona viwashio vyote viko juu, wakasema, "Ya mjomba ni nzima. Ni ile ya nje tena." Niliitwa kutoka shambani. Niliitwa kutoka kanisani, mchungaji akingali anahubiri. Mama aliwaambia wageni kwamba mwanawe amenunua kitu kizaifu huko Mbarara lakini wamwache, alikipenda.

Ikaja arusi ya jirani. Mke wangu alipewa suti na vitenge vya upande mzima wa bwana arusi, na kwa kuwa kwetu palikuwa na umeme, wanawake wakaja na vyombo vyao pia. Mimi nilikuwa uani nachonga mguu wa meza. Sebuleni pasi zote mbili zilikuwa moto, mmoja amechomeka birika, mwingine jiko la chai, vyote kwa kamba moja ya kuunganishia. Mama alikuwa amejinyoosha chumbani kwake, miguu ikimuuma.

*Tak*, upenuni. Kisha kelele za wanawake: chai! suti! Na sauti ya mama juu ya zote: "Imekata tena! Njo utoe hii kitu!"

Nilikwenda chumbani kwanza. Nilikuwa nimekasirika, na nilitaka kumwambia mama mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake. Badala yake niliweka kiganja ukutani, kwenye waya uliopanda kando ya mto. Umeme ulikuwa umekatika, lakini waya ulikuwa na joto.

"Mama, lete mkono."

"Mukono wa nini?"

"Gusa hapa."

Aligusa, akauondoa, akagusa tena, polepole, kuanzia kwenye mto wa kulalia hadi pale vidole vyake vilipofika. Akatazama juu, waya ulipoingia katika shitingi. Sebuleni wanawake walikuwa wananiita.

"Iko ya moto," akasema.

"Imekata mapema. Ndiyo maana ni moto kidogo tu."

Aliuacha mkono palepale. Kisha akaniuliza swali ambalo nililingoja tangu Mbarara, na ambalo hakuna muuzaji, wala mchungaji, wala mjomba aliyewahi kuniuliza. "Na kama isingekata?"

Nikamwambia. Sikutumia maneno ya kitabu. Nilimwonyesha shitingi ingeanza kulainika wapi, na ingedondokea wapi. Mama alikaa kitandani, mkono wake bado uko ukutani.

"Na ile ya ndugu yangu?"

"Ingengoja."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama anayekubali habari ya msiba wa mbali. Akashusha sauti, ingawa mjomba alikuwa Rubondo na wanawake sebuleni wasingesikia lolote kwa kelele zao.

"Basi usimwambie mujomba wako."

"Mama..."

"Alinibeba mu mugongo. Usimwambie."

Nilitoka, nikachomoa birika na jiko, nikarudisha kiwashio juu. Wanawake wakashangilia. Mmoja akapiga kidogo kifuniko cha samawati cha sanduku la sebuleni, akasema ashukuriwe Mungu, hili halijawahi kuwaangusha. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake. Alisikia, akanitazama, akarudi ndani bila kuitikia amina.